Akaunti ya Marehemu

Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tano, saa moja kasoro robo jioni, simu ya binti ililia juu ya meza ya cherehani, na mama yake akasikia harufu.

Haikuwa kali. Ilikuwa kama mtu amefunua shimo la maji machafu mahali fulani, akalifunika tena. Mama, ambaye alikuwa fundi wa kushona sare za shule, aliondoa mguu kwenye pedeli akachungulia uani. Hakuona kitu. Aliporudi alimkuta binti yake ameishika simu kwa mikono miwili.

"Nani huyo?"

"Baba," binti alisema.

Baba yake alikuwa amezikwa tangu mwezi wa pili.

Marehemu alikuwa dereva wa gari la kunyonya vyoo. Ni kazi ya halali, na kwa kazi hiyo binti yake alifika kidato cha nne akiwa wa kwanza darasani katika hesabu. Nyumbani baba alimwita Bingwa. Wenzake walimwita Binti Choo. Walikuwa na kundi lao la darasa kwenye simu, na kila alipopata alama nzuri walituma humo picha ya gari la baba yake, chini wakaandika, "Limenyonya na majibu." Baba alipofariki walinyamaza siku chache. Kisha wakachukua picha yake kwenye tangazo la msiba, wakafungua akaunti kwa jina lake, wakawa wanamwandikia binti yake mbele ya darasa zima: "Mwanangu, huku kaburini vyoo vimejaa. Njoo tusaidiane."

Darasa likacheka, na binti akaanza kuanguka masomoni. Swali ambalo zamani angelimaliza huku anatafuna kalamu, sasa alilisoma mstari wa kwanza, akaurudia, akaurudia tena.

"Nikianza kukokotoa naisikia simu inalia, mama. Hata nikiwa nimeizima."

Mama alikwenda shuleni. Mkuu wa shule alimpa kiti, akamsikiliza, akakunja mikono.

"Mama, simu haziruhusiwi hapa. Kwa hiyo kwetu jambo hili halipo."

"Lakini wanafunzi ni wenu, mwalimu."

"Wakivuka geti ni wenu."

Mwalimu wa darasa akamwambia mtoto azibe masikio asome, kana kwamba maandishi yanaingilia masikioni. Mama akaenda kwa muuza dawa wa mtaani, kwa kuwa aliyeifungua akaunti ile alikuwa binti wa muuza dawa, kiranja wa darasa, ambaye wote walimwita Monita.

"Ah, shoga, watoto wanataniana," muuza dawa alisema huku anahesabu vidonge. "Wako anadeka. Mfundishe kuvumilia."

Mama alirudi nyumbani na hasira, akashona mfuko wa shati upande usiostahili.

Ndiyo maana Jumanne ile, aliposikia neno "baba", alimshika binti mkono wakaenda moja kwa moja kwa Monita. Safari hii Monita hakucheka.

"Naapa, mama, niliifuta Jumapili. Nilianza kuogopa. Ilikuwa inaandika yenyewe."

"Muongo mkubwa wewe!"

"Tazama simu yangu. Haimo."

Haikuwemo. Lakini kwenye simu ya binti ilikuwepo, na chini ya picha ya marehemu paliandikwa: *Bingwa, umeshakula?*

Hakuna mtu darasani aliyelijua jina hilo.

Hapo mama alikosea, na ni kosa la mtu mwenye kiu. Walipofika nyumbani alichukua simu, akaandika kwa kidole kimoja: *Ni wewe?* Jibu lilikuja kabla hajaishusha. *Ni mimi. Mmenifungia nje.*

Tangu hapo nyumba haikuwa na raha. Binti akaacha vitabu kabisa, akawa anaongea na simu kwa sauti ya chini kama mtoto mdogo, na katika mtihani wa majaribio alirudisha karatasi yenye jina lake tu. Simu ilimwambia mtihani wa mwisho hauna maana, ya dunia yanapita, afungue mlango tu. Mama aliona yote hayo, akajua mtoto anampotea, na bado kila jioni na yeye alichungulia kuona kama kuna neno lake.

Jioni moja ya wiki ya tatu, adhana ya magharibi ilipokwisha, mlango uligongwa, na nyuma yake ikasemwa salamu kwa sauti ya mumewe, ile ile ya kukwaruza kidogo, na mama akainuka na uzi bado uko mdomoni, akapita kwenye marundo ya sare, mkono ukafika kwenye komeo huku binti nyuma yake analia, "Mfungulie, mama, amechoka," na chini ya mlango ikaingia harufu, si ya mbali tena, harufu nzito ya shimo iliyopanda miguuni ikafika kooni, na taa ikafifia, na sauti ikasema kwa upole, "Mke wangu, nimetoka kazini."

Mkono wa mama ukaganda.

Mumewe hakuwahi, hata siku moja, kuingia nyumbani na harufu ya kazi. Alioga kule yalikolala magari, akabadilisha shati, ndipo akaja kwa mkewe ananukia sabuni. Majirani walimtania kwamba anatoka harusini. Aliyenuka ni yule wa kwenye kundi la darasa, yule waliyemtunga watoto.

"Wewe si mume wangu," mama alisema. Akarudi nyuma, akamkumbatia binti, akasoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti mpaka mlango ukanyamaza.

Kesho yake baada ya alasiri alikuja shehe wa mtaa. Aliisikiliza habari yote, hakushangaa.

"Ukimwita mtu asiyeweza kuitika, ataitika mwingine," alisema taratibu. "Na mwingine huyo huvaa nguo uliyomshonea. Watoto walimshonea ya matusi. Wewe dada yangu ukamkaribisha kwa upweke. Maiti hana simu. Ana haja ya kitu kimoja tu kutoka kwenu, na hicho hamjampa tangu mwezi wa pili."

Mama akainama. Ilikuwa kweli. Kwa kugombana na shule na kusoma simu, dua ilikuwa imesahaulika.

Shehe alisoma mpaka jasho likamtoka. Simu ilipata moto juu ya meza, ikalia mfululizo, na binti akaitazama bila kuinyooshea mkono. Kisha kitu kikapita katikati yao kuelekea nje, kizito, kinanuka, na pazia likakifuata halafu likatulia.

Binti alifanya mtihani wa mwisho. Alifaulu, lakini hesabu alipata alama ya wastani, yeye aliyekuwa akiwafundisha wenzake. Shuleni hakuna aliyeuliza kwa nini. Mama alikaa na karatasi ile ya matokeo, akataka kumkamata mtu, na hakuwepo wa kukamatwa.

Jioni hiyo muuza dawa alibisha, mtandio umekaa upande.

"Shoga," alinong'ona, "simu ya mwanangu inanuka. Na marehemu babu yake anamuuliza kwa nini amemfungia nje."

*Mfundishe kuvumilia*, neno hilo lilikuja mpaka kwenye ncha ya ulimi wa mama. Alilimeza, nalo lilikuwa chungu.

"Msijibu," alisema. "Usimwache peke yake. Tumfuate shehe. Lakini kwanza njoo ukae."

Wakakaa chini, wanawake wawili na binti katikati, wakainua mikono.

Ewe Mola, msamehe na umrehemu baba wa mtoto huyu. Alisafisha uchafu wa watu na akala halali. Lipanue kaburi lake, lijaze nuru na harufu njema ya pepo. Jina lake walilolichezea, lihifadhi Wewe. Warehemu na wote waliotutangulia, na utusamehe sisi tuliobaki. Amina.