Mistari Miwili ya Usafi

"Miaka tisa programu yangu inafanya kazi bila hata kikohozi! Umeigusa wewe miezi mitano, inakufa!" Wajdi alifoka, begi begani.

"Inakufa kwa sababu hutaki iishi," Rihab akamrudishia. "Unatafuta kisingizio cha kwenda Lyon. Nenda! Nani kakushika shati?"

Akaenda. Mlango wa ofisi ile ya mtaa wa Lafayette, Tunis, ukagonga ukuta. Rihab akabaki na kahawa iliyopoa na blauzi ya bluu iliyolowa jasho mgongoni.

Programu ya Wajdi, aliyoiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, ilikadiria mafuriko ya mabonde ya Nabeul. Rihab aliajiriwa kuiunganisha na Python, lugha nyingine ya kompyuta iliyo nyepesi zaidi, ili watu wa kituo cha tahadhari waitumie kwa urahisi. Akaipenda kazi, akampenda na mwenye programu. Walipendana kimyakimya, nyumbani hakuna aliyejua.

Sasa bosi wao, Bi Fauzia, alishakata neno: isipofanya kazi hadi leo saa tisa, inatupwa. Ikitupwa, Wajdi hana kazi Tunis. Ndege yake ya kwenda Lyon, Ufaransa, ni saa kumi na moja.

Rihab akaiendesha tena. Mara ya kumi na nne, ikafa. Akalia, akajifuta kwa mkono wa blauzi, akafungua faili la Wajdi ambalo kwa kiburi hakuwahi kulisoma hadi mwisho.

Lo! Kabla ya kila hesabu mpya, programu ilirudisha kwa kompyuta nafasi ya kumbukumbu iliyotumiwa na hesabu iliyopita. Na Rihab, upande wake, alirudisha nafasi hiyohiyo. Kurudisha mara mbili ndiko kulikoiua.

Akapiga simu.

"Wajdi, ile nafasi anairudisha nani?"

"Mimi. Nyinyi watu wa Python mnakula mnaacha vyombo mezani."

"Na mimi narudisha. Nilidhani umesahau, nikaona nisikuaibishe."

Nyuma yake zilisikika honi za barabara ya uwanja wa ndege.

"Si ungeniuliza, mpenzi?"

"Si ungeniambia?"

Rihab akafuta mstari wake, akaiendesha mara elfu. Haikufa.

"Iko hai! Rudi!"

"Mama ameshaniaga kwa machozi, Rihab. Kanifungia pilipili ya harisa kilo mbili. Nitamwambia nimerudi kwa ajili ya nani?"

"Kwani hujamwambia habari zangu?"

"Nilikuwa nangoja wewe uwaambie wa kwenu kwanza."

"Na mimi nilikungoja wewe! Tutazeeka hivi, Wajdi, kila mtu anamdhania mwenzake. Usikate simu."

Akanyanyua simu ya mezani, akapiga nyumbani kwao.

"Mama? Jumapili tuna wageni. Wanakuja kuniposa. Ndiyo, mimi! Usipige vigelegele sikioni, mama."

Kwenye sikio la pili akamsikia Wajdi: "Kaka dereva, simama. Nashuka hapahapa." Kisha mlango wa gari.