Kipande Kilichowasha Ulimi

Kwa maelezo ya Mama Redio, jirani ambaye habari haimpiti hata ikinyata, Fundi alionekana kwenye dirisha la duka la dawa, shati kalipandisha hadi mabegani, anamwonyesha muuzaji mgongo.

"Mgongo mzima, dada yangu! Mwekundu kama nyanya iliyomenywa," Mama Redio alimwambia shangazi mwenye nyumba, mikono kiunoni. "Muuza dawa akatikisa kichwa, nikajua tu. Vitu vile haviokotwi barabarani, mtu anapewa kitandani. Sasa aseme kapewa na nani!"

Shangazi akaweka kikombe chini.

"Na huyu ndiye anataka kumuoa mtoto wangu?"

Mtoto mwenyewe, binti wa kaka yake aliyemlea, alikuwa hapo hapo jikoni, anakata sabuni kwa uzi. Mtaa mzima ulimwita Povu, jina alilobandikwa na Fundi mwenyewe. Uzi ukakwama katikati ya sabuni. Akauchomoa, akaendelea kukata.

Povu alijua.

Sabuni zake za kuogea alizitengeneza kwa mafuta ya nazi, asali, shayiri ya kusaga, na kostiki, ile dawa kali ya kugandisha. Zikikaa rafuni wiki kadhaa ukali unaisha, na hapo ndipo utamu wake: ngozi iliyopauka inang'aa, visigino vinalainika, mtoto anayejikuna usiku kucha analala. Zikitumika kabla, zinaunguza. Ndiyo maana hakuna kipande kilichotoka kwake bila kukigusa kwa ncha ya ulimi. Kikiwasha, kinarudi rafuni.

Cha Fundi hakukigusa. Zilizokomaa, zile alizomwekea, mwenye saluni alizitaka zote, naye akazitoa. Fundi alipokuja na ngozi yake iliyokaushwa na saruji, akampa iliyokaa rafuni siku mbili tu. Alijiambia, ngozi ya mpiga plasta ni ngumu, itastahimili.

Shangazi alishampigia Fundi simu, sauti kaifungulia yote.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hayo ya mgongoni umeyatoa wapi?"

"Hata mimi sijui, shangazi."

"Mgongo wako, hujui?"

"Haki ya Mungu sijaenda kwa mtu!"

"Basi kesho usiniletee wazee wako hapa. Kaa na mgongo wako."

Akakata. Mama Redio akakohoa kwa raha.

Baadaye kidogo simu ya Povu ikaita mlio wa ujumbe: "Povu wangu, naapa sina mwingine. Wewe unaniamini?"

Akaandika neno, akalifuta. Akavaa kandambili, akaenda.

Alimkuta Fundi kalala kifudifudi, mgongo wazi.

"Karibu Povu. Samahani sijavaa, shati linanikwaruza."

"Umepaka nini?"

"Alichonipa muuza dawa. Lakini nategemea ile sabuni yako. Naogea asubuhi na jioni. Inauma, sikufichi, ila si ulisema inalainisha?"

Pembeni ya beseni kipande kilikuwa kwenye kifuniko cha kopo, kimeisha mpaka kikawa chembamba. Akakiokota, akakigusa kwa ulimi.

Machozi yakamtoka kabla hajakitoa mdomoni.

Fundi alishamwona akifanya vile mara nyingi, na sura ile aliifahamu. Akainuka taratibu, akakaa.

"Inawasha?"

"Inawasha."

"Ndiyo umejua sasa hivi?"

Angeweza kuitikia tu, mambo yakaisha.

"Nilijua tangu Mama Redio anaongea."

"Na shangazi alivyokuwa ananivua nguo kwenye simu, ulikuwa wapi?"

"Hapo hapo. Nakata sabuni."

Fundi akacheka, kicheko cha mtu aliyejigonga kidole kwa nyundo.

"Unakata sabuni!"

"Niliogopa. Wakisikia imemuunguza mtu, nani atanunua tena?"

"Kwa hiyo bora mimi niitwe malaya."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema chochote, Povu. Ndiyo shida yenyewe."

Akachukua shati, akaliingiza mkono mmoja mmoja huku anauma meno. Povu akanyoosha mkono kumsaidia. Fundi akausogeza pembeni, bila hasira.

"Ngozi itapona, na hiyo nimeshakusamehe. Lakini mama yangu leo kashindwa kwenda sokoni. Mtaa mzima umeshasikia, anaona aibu kupita mbele za watu."

"Nisamehe."

"Nimesema nimeshakusamehe. Twende nyumbani kwenu. Shangazi yupo, na Mama Redio hawezi kuwa mbali. Usimame mbele yao useme ni sabuni, ulijua, ukanyamaza. Utasema?"

Simu ikatetemeka mkononi mwa Povu. Mwenye saluni: "Mdogo wangu, wateja wamezipenda kupita kiasi! Ngozi laini kama za vichanga. Unazo nyingine?"

Fundi alishafungua mlango. Alisimama pale kizingitini, kifungo kimoja tu kimefungwa, anamsubiri.

Povu akafungua mdomo. Ulimi bado ulikuwa unawaka.