Mtoto Aliyelazwa Mbele ya Spika

Wazazi wenzangu, na nyinyi ambao bado hamjaitwa baba wala mama, wekeni kando mnachofanya mnisikilize. Haya nitakayosema mengine niliyaona mwenyewe, mengine nimeambiwa na mwenye uchungu. Watu wenyewe ni majirani zangu, ukuta kwa ukuta, na cherehani yangu iko barazani ambapo hapiti mtu nisimwone.

Nianzie Jumapili moja mchana, kwenye mgahawa wenye uwanja mpana kwa nyuma na turubai la kuzuia jua. Nilikuwa nimepeleka vitambaa vya meza nilivyowashonea, nikakaribishwa soda, nikakaa. Bendi ilikuwa inapiga nyimbo za taratibu. Watu wazima walicheza wamefumba macho nusu, wahudumu walipenya kati yao na trei, na hakuna aliyekuwa na haraka. Mbele kabisa, chini ya spika ndefu kama kabati, palikuwa na viti viwili vimeunganishwa. Juu yake alilala mtoto wa kike wa miaka miwili, kafunikwa koti la baba yake.

"Mwangalieni huyo," mpiga besi alisema kwenye kipaza sauti wimbo ulipokwisha. "Meneja wetu amelala. Maana yake leo tumepiga vizuri."

Watu wakapiga makofi. Baba wa mtoto akasimama, akawainamia wote kama yeye ndiye aliyeshika gita.

Mimi si mtu wa kukaa kimya. Ile spika ilikuwa inatikisa soda ndani ya glasi yangu, na niko meza ya nyuma. Nikaenda kumsogeza mtoto. Nilipomwinua kichwa nikakuta kola ya koti imelowa, ina rangi ya manjano, na inanuka.

"Kaka, mtoto sikio linavuja," nilimwambia baba yake. Ilibidi nirudie kwa kupiga kelele.

"Ni maji ya kuoga hayo, dada. Mama yake anammwagia kichwani."

"Maji ya kuoga hayanuki."

"Basi kesho nitamwangalia. Kaa bwana, sasa hivi wanaingia na ule wimbo wenyewe."

Mtu huyu kazi yake ni kupaka rangi nyumba, na ana mkono mzuri. Lakini mjini hakujulikana kwa rangi. Walimwita Ramani. Ukitaka kujua leo bendi inapiga baa gani, wapi kuna saksafoni ya kweli na wapi ni kinanda kinachojipiga chenyewe huku mtu anapanua mdomo, ulimuuliza yeye. Madereva wa teksi walimpigia simu wakiwa na wageni garini. Alijua ni mgahawa upi una muziki wa laivu Ijumaa na upi umemfukuza mwimbaji wake kwa sababu ya maneno ya jikoni. Hakumtoza mtu hata senti.

Tena hakuwa mlevi. Nalisema mapema kwa sababu najua vidole vyenu vinaelekea wapi. Angeweza kukaa na bia moja mchana kutwa mpaka ikapata moto. Ulevi wake ulikuwa kuonekana. Alitaka aingie mahali, mwimbaji amtaje jina katikati ya wimbo, na watu wageuke kumtazama. Na wanamuziki nao si wajinga, anayewaletea wateja wanamjua. Walimvika kilemba cha ukoka, akakivaa mpaka kwenye nyusi.

Mkewe anafanya kazi kiwanda cha mikate, na zamu yake ilikuwa Jumamosi na Jumapili. Kwa hiyo siku hizo mtoto alikuwa wa baba. Sisi majirani tulimsifu sana. Mwanamume anayembeba mtoto kifuani na chupa ya uji mfukoni, nani asimsifu? Kila alikokwenda alikwenda naye, na kila mahali mtoto alipokewa, akarushwarushwa, akapewa cheo cha umeneja. Alimkalisha mbele, jirani na spika, kwa sababu hapo ndipo jukwaa linapowaona vizuri. Mwanzoni mtoto alilia. Baadaye akazoea, akawa analala. Baba mtu akaeneza habari kwamba mwanawe amezaliwa na muziki damuni.

Siku ya pili nilimwambia mama yake habari za lile sikio. Hakungoja. Alimfunga mgongoni akamkimbiza zahanati. Muuguzi akalisafisha, akatoa dawa ya matone, na akasema maneno mawili ya kushika. Kwanza, mtoto asikae kwenye makelele. Pili, apelekwe haraka hospitali kubwa kwa daktari wa masikio, ambaye kliniki yake ni Jumamosi tu.

Jumamosi ni zamu. Kiwandani pale, asiyefika siku ya mzigo mkubwa anamkuta mtu mwingine amevaa aproni yake. Mama akamgeukia mumewe.

"Baba, naomba jambo moja tu. Hii Jumamosi mpeleke. Usinifanyie mengine yoyote, hili tu."

"Kwani mimi si baba yake? Mbona unanisihi kama unaomba mkopo?"

Sasa sikieni. Jumamosi hiyohiyo kulikuwa na bendi ya zamani iliyokuwa imevunjika, wenyewe wakiwa wamegombana miaka, na siku hiyo walikuwa wanakutana tena kupiga mchana kwenye baa moja ng'ambo ya mji. Ramani alikuwa ameshajisifu kwa watu kwamba anawajua wote na atawapatia meza ya mbele. Asubuhi akatoka na mtoto, gauni safi, nywele zimechanwa. Alipopita barazani kwangu nilimuuliza, "Hospitali?" Akajibu bila kupepesa, "Hospitali, dada." Na mtoto akanipungia mkono.

Walirudi jua linazama. Mkewe naye alikuwa ndiyo kwanza anaingia, unga bado umo kwenye nyusi.

"Daktari hakuja," Ramani akamwambia. "Tumekaa kwenye benchi mpaka tumechoka. Wamesema tutajaribu siku nyingine."

"Pole, mume wangu. Kutwa nzima na njaa."

Akampashia moto chakula. Naye akakila.

Uongo una tabia ya kuomba mwenzake. Jumamosi iliyofuata ikawa mashine ya hospitali imeharibika. Nyingine ikawa foleni. Kisha sikio likakauka, halinuki tena, na Ramani akatembea kifua mbele. "Si mnaona? Limepona lenyewe. Nyinyi wanawake mna hofu." Wahenga walituambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Katika nyumba ile hakikuja kifo. Kilikuja kimya.

Mtoto alikuwa ameanza maneno yake machache, mama, lete, maji, na jina langu alilotamka kwa kulikata katikati. Yakapungua moja baada ya jingine. Ukimwita hageuki. Baba yake akasema ni mkaidi, amemrithi bibi yake. Shangazi mtu akaja akasema watoto wengine huchelewa, hata fulani alichelewa na leo ni mwalimu. Na kule kwenye migahawa, mtoto sasa alikuwa anaisogelea spika mwenyewe, anaibandika shavu, anatulia. Watu wakampiga picha kwa simu zao. "Huyu ana masikio kutushinda sisi wote," baba yake akawaambia, na walioshika bia wakakubali. Wenye akili timamu, wamekaa meza moja, hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini mtoto anautafuta muziki kwa shavu. Nikikumbuka hapo nakasirika mpaka leo.

Jioni moja nilikuwa jikoni kwao, nachagua maharage na mama yake. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, ametugeuzia mgongo, anachezea kijiko. Mfuniko wa sufuria kubwa ukateleza ukaanguka kwenye sakafu ya saruji. Mimi niliruka nikamwaga maharage. Mtoto hakuinua hata kichwa.

Mama akauokota ule mfuniko. Akaupandisha juu kidogo, akauachia tena. Mtoto akaendelea na kijiko chake. Akauokota mara ya tatu.

"Basi, mama," nilimwambia. "Basi."

Akaketi pale pale sakafuni kati ya maharage, na hakulia. Alimtazama tu mwanawe kisogoni.

Jumamosi hiyo hakwenda zamu, na wala hakuomba ruhusa. Wakaenda hospitali wote watatu, yeye, mumewe na mtoto. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini. Alimpima mtoto kwa vyombo vyake muda mrefu, akamrudisha kwa mama yake, akavuta kiti karibu.

"Sikio hili ugonjwa umekula ndani, mama, na hili la pili limeumizwa na makelele. Si makelele ya siku moja. Huyu mtoto hushinda wapi, kiwandani?"

Akaandika kidogo kwenye faili, akaendelea.

"Mngemleta wakati lilipokuwa linavuja, tungeweza kufanya mengi."

"Tulimleta, daktari," mama akasema. "Baba yake alikuja naye Jumamosi tatu. Mara ya kwanza hukuwepo, mara ya pili mashine zikawa mbovu."

Daktari akamtazama kwa huruma, na akachagua maneno. "Labda mlikwenda hospitali nyingine. Kliniki hii ni ya kwangu peke yangu, na sijaikosa hata mara moja tangu nihamie hapa."

Mama akageuka. Mumewe alikuwa anaangalia picha ya sikio iliyobandikwa ukutani.

"Mwambie daktari mlikwenda wapi."

"Nilidhani wiki moja haina neno," Ramani akasema.

Hiyo ndiyo toba yake yote, hakutoa nyingine. Mtoto alipewa kifaa cha kuvaa sikioni. Kinamsaidia kujua mlango umegongwa kwa nguvu au lori limepiga honi. Maneno hayafiki.

Wanamuziki walikuja na matunda kutoa pole. Mpiga besi alisema hawakujua. Mwenye mgahawa alituma salamu kwamba kwake hakuna aliyelazimishwa kukaa mbele. Kila mmoja akanawa mikono yake akaenda zake, na jukwaa halikukosa mtu wa kukaa meza ya kwanza.

Mama akatafuta shule ya watoto viziwi. Hapo wanafundishwa lugha ya alama, na Jumamosi mchana kuna darasa la wazazi. Aliomba abadilishiwe zamu, akapewa ya usiku, ile ambayo kila mtu anaikimbia. Anatoka kazini asubuhi, analala kidogo, anakwenda darasani macho mekundu. Ramani alikwenda mara moja. Alikaa nyuma, akasema vidole vyake vimezoea brashi, haviwezi mambo ya kukunjana. Na Jumamosi mnajua alikuwa na shughuli. Mtadhani aliacha? Hakuacha. Sikio la kufa halisikii dawa. Tofauti ni kwamba sasa anakwenda peke yake.

Juzi nilikwenda kwao kupima mapazia. Mama na mtoto walikuwa mezani wanazungumza kwa mikono, na mtoto anacheka mpaka machozi. Wenzetu viziwi humpa kila mtu jina la ishara, na mtoto alikuwa ameanza kutugawia majina. Mama yake ni vidole vinavyofuta unga kwenye paji la uso. Mimi ni mkono unaozungusha gurudumu la cherehani. Kisha akanyoosha kidole kwa baba yake aliyekuwa anafunga kamba za viatu kitandani, akageuza kiganja mara moja, akakisukuma mbele kuelekea mlangoni.

"Hiyo ni nini?" Ramani akauliza. "Amenionyesha mimi."

"Ni jina lako," mkewe akajibu.

Uso ukamng'aa. Siku nyingi sijamwona hivyo. Akajaribu ile ishara, akaikosea, mtoto akamrekebisha kiganja, akaipata.

"Lina maana gani?"

"Muulize mwenyewe."

Hakuweza kumuuliza. Akacheka, akachukua koti akatoka, maana kulikuwa na bendi. Ishara ile ni ya mtu anayeondoka. Mkewe anajua, mimi najua, na mtoto, ambaye sasa ana miaka mitano, ndiye aliyeitunga. Mpiga besi ameniambia kwamba siku hizi Ramani akifika baa huwaonyesha watu kwa fahari. Anageuza kiganja, anakisukuma mbele, anasema, "Hivi ndivyo mwanangu anavyoniita."

FUNZO

Muziki haukumdhuru mtu. Pigeni, chezeni, mwelekezane mahali palipo pazuri, mimi mwenyewe napenda saksafoni. Lakini mtoto mdogo si pambo la meza yako wala cheo chako mbele ya watu. Sikio lake ni dogo, na likiharibika halina duka. Ukimwona mtoto amelala chini ya spika, usipige picha. Mnyanyue umtoe, hata baba yake akikasirika. Mtoto akitokwa na usaha sikioni, mpeleke hospitali siku hiyo, na ukishindwa sema umeshindwa. Mke aliyeambiwa kweli angeacha zamu akaenda mwenyewe. Aliyeambiwa uongo alipasha moto chakula.

Na wewe baba unayesifiwa mtaani kwa sababu umembeba mtoto, sifa hizo zisikulevye. Watoto hutupa majina kwa yale wanayotuona tukifanya kila siku, na jina hilo hakuna anayekuja kukuuliza kama umelipenda.