Udongo ya Mulango ya Kahongya

Wewe mwenye kusoma hii, ulisha kuombea mutu lufu, akufe tu, na jina yake yote, magoti chini, macho umefunga? Usidanganye. Huku kwetu Butembo tunaombaka vile, kisha tunasema amen.

Zorobabel aliomba vile miaka mbili, asubui na magaribi. Na jina alikuwa anataja ilikuwa moja tu: Kahongya.

Zoro ni licencié en droit, alisoma sheria. Diplôme yake iko mu plastiki chini ya matelas, ili panya isiisome mbele ya patron. Zamani familia yake ilikuwa inalima kakao karibu na Mbau. Kahongya alikuwa jirani ya shamba. Siku moja Kahongya akaenda kusema kwa benye bunduki kama Jéthro, kaka ya Zoro, anapelekeaka waasi chakula. Bongo, uongo mutupu. Alitaka tu mupaka ya shamba isogee. Balimukamata Jéthro na kisu ya kupasulia kakao mu mukono, bakamutupa mu buloko, mu kifungo. Baada ya siku kumi na moja bakasema alikufa na ugonjwa. Maiti? Hapana. Kaburi? Hapana. Hata kartasi moja ya bureau? Hapana.

Kisha vita ikafukuza bote, mukosaji na mukosewa, ikabatupa fasi moja: hapa Butembo, Kimemi. Kahongya ngambo ile ya kijito, Zoro na mama yake Katungu ngambo hii.

Ile siku mvua ilikuwa imechoka, jua inashuka. Mama Katungu alikuwa amelala juu ya mukeka, amejifunika kikwembe paka ku miguu. Alisema bila kufungua macho:

"Zoro, nenda uniletee makala. Na hapana kukawia."

Mabotte yake ya mvua ilikuwa kwa mulango, matope ingali mbichi. Zoro aliiruka tu, akaenda.

Makala alinunua. Mais hakurudi nyumbani. Alivuka kijito.

Sababu siku tatu kabla ya ile, Vagheni alikuwa amemwambia kitu. Vagheni ni ule muzee wa ku croisement, kwa njia panda, mwenye kutia viraka ku mabotte ya plastiki na chuma ya moto. Kimemi yote inamupelekeaka mabotte. Na benye kujua banajua kama mikono yake haishonake mabotte tu.

"Niletee unyayo ya adui yako, maître," alisema. Alimuitaka Zoro maître sawa avocat, juu ya kumucheka. "Unyayo ya leo, ya kwa mulango yake. Na makala yako mwenyewe."

Kwa Kahongya mulango ilikuwa imefungwa. Ndani radio ilikuwa inakohoa. Chini, mbele ya kizingiti, unyayo moja ya botte, mupya, vidole vinaangalia mulango. Zoro akakata ile udongo na kipande cha libati, akaiweka juu ya jani ya ndizi.

Ilikuwa ya moto. Sawa mukate.

Vagheni aliipokea na mikono mbili. Akapitisha kidole fasi ya kisigino, taratibu, kisha akacheka bila sauti.

"Uko na hakika, maître?"

"Fanya kazi yako, muzee."

"Kazi ni yako. Makala ni yako, chuki ni yako. Miye ni fundi tu."

Akamwaga makala ya mama Katungu mu mbabula, jiko yake ya chuma, akapepea paka ikawa nyekundu, akaweka udongo juu ya chuma. Harufu ya mupira kuungua ikapanda. Chini yake harufu ingine... ya ngozi.

"Udongo ikikauka, mguu unakauka," alisema polepole. "Ikipasuka yote, roho inatoka. Rudi nyumbani ukule."

Zoro alirudi na makala yenye ilibakia, anapiga miluzi. Miaka mbili hakupiga miluzi.

Mama alikuwa ameketi, mguu wa kuume ndani ya beseni.

Beseni ilikuwa kavu.

"Nimetia maji mara tatu," mama alisema. "Mguu unaikunywa, Zoro."

Ngozi ilikuwa imekuwa ya kijivu paka ku goti. Nyumba yote ilinuka mupira ya kuungua. Zoro aligeuka, akaangalia ile mabotte kwa mulango. Ya kuume ilikuwa na kiraka ku kisigino.

"Mama... ulienda wapi leo?"

"Kwa papa Kahongya. Saa tisa."

"Kufanya nini kule?"

"Kumusamehe. Nilikunywa maji yake, nikamwambia. Kisasi haikukuwa ya kwangu, mutoto yangu. Ni ya Bwana. Nilikuwa naibeba sawa kitu ya wizi. Ndiyo maana niliirudisha kwa mwenyewe."

Akacheka kidogo. Na pale pale kisigino chake kikalia: *tak*. Sawa chungu.

Damu haikutoka.

Ilitoka vumbi.

Zoro alikimbia namna hakukimbiaka hata siku risasi ilikuwa inalia Mbau. Vagheni alikuwa pale pale, anapepea moto.

"Ulijua ni ya mama."

"Kile kiraka nilikitia miye. Kahongya anavalaka botte? Yule anavalaka soulier ya ngozi, sawa mutu wa bureau. Nilikuuliza kama uko na hakika. Miaka tano ku université, hamukujifunza kuangalia chini?"

"Iondoe ku moto."

"Ukiiondoa bila neno, inapasuka. Ilitoka ku mulango ya Kahongya, Kahongya njo ataitemea maji, aseme hana neno na wewe. Na wewe useme hauna neno na yeye. Mais hapana ya mudomo tu, maître. Udongo haina masikio. Inasikiaka ndani."

Zoro akakamata mbabula na waya yake, na moto yake yote, akavuka kijito. Waya ilimuchoma vidole. Ku mugongo yake aliendelea kusikia ule muzee anacheka bila sauti, ikiwa kicheko ya vile inasikilika.

Kahongya alifungua. Zoro akapiga magoti mu matope, akasema yote. Kahongya akasikiliza, mukono ku mulango.

"Saa tisa mama yako ananisamehe. Saa kumi na mbili wewe unaniletea lufu mu mbabula. Muko familia ya namna gani?"

"Mama anakufa."

"Ninaweza kufunga hii mulango, licencié. Miye nimesamehewa. Wewe njo muuaji."

"Ndiyo."

Kahongya akaachilia mulango. Kisha akaingia, akarudi na gobole, kikombe imejaa maji. "Mu miaka mbili, hakuna mutu mwingine zaidi ya mama yako alikunywa mu hii gobole," alisema. Akajaza mudomo, akatema juu ya udongo. *Shhh...* "Zorobabel, sina neno na wewe."

Ufa wa ule udongo ukasimama.

"Na miye sina neno na wewe," Zoro alisema mbio.

Ufa ukaendelea.

Ngambo ya kijito mama Katungu akalia.

Zoro aliangalia ule uso alichukia miaka mbili. Ilikuwa na ndevu nyeupe. Meno moja ilikosa.

"Nadanganya," akasema. "Niko na neno. Niko na mingi, na usiku haitoshe. Mais siibebe tena. Nakuacha mu mikono ya Mungu. Akupige, akuhurumie, ni mambo yake. Mikono yake ni mizito kupita yangu. Miye naondoa mukono wangu."

Udongo ikalainika. Ikashuka katikati ya vyuma, ikawa matope tu, matope ya kila siku, ikazima makala yote.

Mu giza Kahongya akanong'ona: "Jéthro... miye nilitaja tu jina. Fasi balimutia, sijue. Benyewe njo banajua."

Zoro akainuka ku matope. Akaenda.

Mama Katungu iko muzima. Anachechemea, na paka leo akitia ule mguu mu beseni, maji inapunguka. Vagheni ingali ku croisement, anashona mabotte, anasalimia batu sawa mukristo. Zoro akipita, anamuuliza: "Maître, hakuna kiraka leo?"

Mais kuko kitu ingine. Tangu ile siku, kila mvua ikinyesha, asubui tunakuta unyayo moja mbele ya nyumba ya mama Katungu. Ni ya mguu mutupu. Vidole vinaangalia mulango, na kile kidogo kimepinda, sawa cha Jéthro. Haiingie. Hairudi. Mama anafunguaka mulango, anaketi pale, anaingojea paka ikauke.

Basi ninyi benye mulimukamata, benye mulishika funguo ya ile buloko, na chef mwenye alikubali: tumewasikia mukiwa ku misa na ku culte, mukisema tusamehe. Mama alisamehe. Zoro aliondoa mukono. Imebakia ninyi. Hatutafuti damu yenu, iko na mwenye kuiuliza.

Mutuonyeshe fasi mulimuzika.