Kona ya Kioo Iliyokatwa

Kwenye kioo cha kamera ya Hollis Bergstrand kila kitu kilionekana kichwa chini. Kamera kubwa za zamani za mbao ndivyo zilivyo: unajifunika kitambaa cheusi, unatazama kioo cha ukungu kilicho nyuma yake, na kitanda kinaning'inia juu huku dari ikiwa chini. Hollis alikuwa amezoea. Kwa hiyo mchana ule, alipoona ukingoni mwa kioo pindo la gauni la buluu, na chini ya pindo viatu viwili vimekaa wima kama viatu vinavyokaa sakafuni, ilimchukua muda kutambua kwamba hapo ndipo palipokuwa na kasoro.

Alitoa kichwa kitambaani. Chumba kilikuwa kitupu. Akawaza: kama kwenye kioo kimesimama sawasawa, basi humu chumbani kinaning'inia. Akatazama dari. Hapakuwa na kitu.

Vile viatu alivijua. Mkewe, Maren, alizikwa navyo.

Maren alifia katika chumba hicho kabla theluji ya mji wao wa Duluth haijayeyuka. Sasa nyumba ilikuwa imeuzwa, na mwenye nyumba mpya alitaka kukibomoa chumba apanue jiko. Hollis alitaka picha moja tu: kitanda, dirisha la upande wa ziwa na kiti alichokalia Maren, vyote pamoja. Lakini hata alipobana mgongo ukutani, lenzi yake ilikiacha kiti nje. Alihitaji lenzi pana zaidi, inayochukua chumba chote.

"Baba, piga kwa simu," alisema Karin, binti yake, aliyekuja kumsaidia kufunga vyombo. "Simu itachukua chumba chote, na huo uso wako wa kununa pia."

"Simu haikumjua mama yako."

"Na hilo sanduku lilimjua?"

"Lilimtazama tangu ujana wake."

Karin akacheka, kisha akafuta macho.

Hollis akaenda kwa Delmar, muuza kamera kuukuu. Delmar aliweka lenzi mbili mezani.

"Hii ya kisasa ni nzuri," alisema, "ila haifuniki kioo chako chote. Kona zitatoka nyeusi."

"Na hiyo ya shaba?"

Delmar akajikuna shingo. "Hiyo inafunika na ziada. Kila anayeichukua huirudisha, wala hakai kunywa kahawa."

"Ina mikwaruzo?"

"Haina hata vumbi. Mzee, chukua ya kisasa. Kona nyeusi hazijaua mtu."

"Kiti chake kiko konani," alisema Hollis, akachukua ile ya shaba.

Bwana atusamehe sisi tuliofiwa. Maandiko tunayajua, na bado tunasikiliza kila mlio ndani ya nyumba.

Lenzi pana hukaa karibu sana na kioo, kwa hiyo mfuko wa ngozi unaozuia mwanga usiingie kwenye kamera ilibidi ubanwe mpaka mikunjo yake ikagusana. Karin, akifunga sahani jikoni, ndiye aliyesikia kwanza: ngozi ile ilikuwa ikipumua, taratibu, kama mgonjwa. Kisha ikaja harufu ya siki na udongo uliolowa. Akaenda mlangoni. Baba yake alikuwa chini ya kitambaa, akinong'ona.

"Baba? Unaongea na nani?"

"Njoo umwone mama yako. Amevaa lile la buluu."

"Mama yuko kwa Bwana," Karin alisema kwa sauti ndogo. "Tulimzika sote, baba. Toka humo, nakuomba."

"Amenipa mgongo tu. Ngoja nihakikishe kona, kisha nipige."

Wenye kazi hii wana desturi. Kona za kioo hukatwa kidogo, na kupitia hapo mpiga picha huchungulia tundu la lenzi kutoka ndani: akiliona duara zima, lenzi inafunika, akiliona limebanwa kama jicho la paka, haifuniki. Hollis akaweka jicho lake konani, na akaliona duara, zima na jeupe, akamshukuru Mungu, na bado shukrani iko mdomoni duara likabanwa, likawa kama jicho la paka, na yeye akadhani amesogea, akatuliza kichwa, akatazama tena, na lile jicho, lililokuwa karibu kabisa na lake, likafumba na kufumbua.

Karin alisikia, "Wewe si Maren." Kisha kitambaa kikaporomoka, na chini yake hapakuwa na mtu.

Polisi walimtafuta hadi ufukweni. Mchungaji Lindqvist alisali katika kila chumba, akaifungua lenzi ya shaba kwa mikono yake, akaitupa ziwani.

"Imekwisha, binti yangu," alisema.

Siku ya kukabidhi nyumba, Karin alirudi kuikunja kamera. Bila lenzi, mbele yake palikuwa na tundu tupu tu, lisiloweza kutoa picha yoyote kiooni. Lakini ngozi ilikuwa inapumua. Akajua hapaswi, akajifunika kitambaa.

Chumba kilikuwemo chote, hadi konani: kitanda kichwa chini, dirisha kichwa chini, kiti kichwa chini. Katikati, wima, alisimama baba yake akiwa na soksi tu miguuni. Mwanamke wa buluu hakuwepo. Midomo ya Hollis ilikuwa ikienda bila sauti, na kwa mkono mmoja alimfukuza Karin, toka, toka, kama mtu anayefukuza mtoto barabarani, na kwa mkono wa pili alionyesha kitu nje ya kioo, upande wa dari, palepale juu ya binti yake aliyeinama. Na Karin, kabla hajaelewa, akasikia harufu ya siki, na akahisi nywele ndefu zikishuka kutoka juu na kutua juu ya kitambaa, polepole, mpaka kikaanza kumlemea.