Fishi ya Mama Émérence

Kila akitoka shuleni, Bertille alipitia zahanati ya mtaa wao huko Kalemie kumfagilia baba yake, muuguzi Papa Kalenga, aliyehamishwa karibuni kutoka Nyunzu. Dosie za wagonjwa, yaani majalada ya matibabu yao, zilipangwa rafuni kwa namba. Ili kujua namba ya mtu, ulitafuta jina lake kwenye sanduku la fishi, vile vikadi vinavyofuata alfabeti.

Jumatatu moja ufagio ulilisukuma sanduku. Fishi mia tatu zikamwagika sakafuni! Miaka hiyo ya Zaire serikali ilikuwa imeagiza watu waache majina ya Kikristo, basi kila fishi ilikuwa na jina la zamani lililokatwa kwa mstari na jipya juu yake. Bertille akazirudisha haraka haraka, nyingine kwa jina jipya, nyingine kwa lile lililozoeleka mtaani. Akanyamaza, maana aliogopa kumuudhi baba.

Jumatano majirani walimleta mama mmoja aliyewaka homa, hata kusema hawezi. Papa Kalenga akasoma kitambulisho chake: Ngoie. Akapekua herufi N mara mbili.

"Hana fishi. Njo mara yake ya kwanza hapa," alisema, akaanza kuvuta penisilini kwenye sindano.

Bertille akamtazama mgonjwa. Kumbe ni Mama Émérence, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani!

"Papa, ngoja! Usimuchome! Mimi njo niliangusha sanduku. Huyu ni Mama Émérence, angalia kwa E."

Fishi ilikuwa huko. Ndani ya dosie, kwa wino mwekundu, iliandikwa: asipewe penisilini, nusura imuue. Papa Kalenga akaweka sindano chini, akatafuta dawa nyingine.

Mgonjwa alipopata nafuu, Bertille aliuliza kwa sauti ndogo, "Papa, tuzipange fishi upya?"

"Hapana. Hizi hatuziamini tena, pengine zingine zilipotea. Lakini dosie hazikuguswa. Tutazifungua zote, namba moja mpaka ya mwisho, na kila moja tuiandikie fishi mupya."

"Na kila muntu tumwandikie mbili, moja ya jina la zamani?"

Papa Kalenga akacheka. "Eh, huyu mutoto! Hilo sikulifikiria."

Waliandika wiki nzima, bega kwa bega. Fishi ya mwisho ilipoingia mahali pake, baba alimkumbatia.

"Kuangusha sanduku si kosa, mwanangu. Kosa ni zile siku mbili za kunyamaza. Lakini ulisema kweli huku unaogopa, na muntu yuko muzima. Nakupenda kwa hilo."

Bertille alilia, na hakuona haya.