Kitanda cha Kamba

Theresia, rafiki yangu, hunisimulia haya akiwa amesimama, hakai. Alitunza makumbusho madogo ya vitu vya Waluguru, Morogoro. Miaka ya ubinafsishaji jengo likauzwa, na mnunuzi akataka liwe tupu kesho yake. Alasiri Theresia akaenda kufunga vitu. Umeme ulikuwa kwenye mgao, mvua ikipiga bati. Katika giza la chumba cha ndani akasikia mtu anakohoa.

“Shikamoo,” alisema kwa mazoea.

“Marahaba,” ilijibu sauti ya bibi kizee. “Mnanipeleka wapi?”

Akawasha kiberiti. Hapakuwa na mtu. Kitanda cha kamba, kimojawapo cha vitu alivyokuja kufunga, kilikuwa kitupu, lakini kamba zilibonyea katikati, zikilia taratibu, kama mtu anayejigeuza alale vizuri.